Nani Aliyekosa? Historia ya Mtoto Mwenye Usonji mbele ya Shule, Familia na Kanisa

Utangulizi

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanampita mtu aliyezaliwa kipofu, na jambo la kwanza wanalolitaka kwa Bwana wao si namna ya kumsaidia mtu huyo, bali ni jina la mkosaji: je, ni yeye mwenyewe au ni wazazi wake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ndilo lililotawala historia ya watoto ambao leo tunawaita watoto wenye usonji, na kwamba kila lilipoulizwa lilizaa tunda lile lile. Mtu aliye karibu na mtoto alitiwa hatiani, na mtoto mwenyewe akapigwa, akafungiwa au akafukuzwa. Hali kadhalika tutaona kwamba maarifa ya kufaa yalianza pale tu mtu fulani alipoliweka swali hilo kando na kuuliza jingine: mtoto huyu anasikia nini, anaona nini, na anatuambia nini kwa tendo lake?

Mwandishi hana budi kukiri tangu mwanzo kwamba hakulifikia jambo hili kwa njia ya maktaba. Alifikishwa na mtoto wa nyumbani mwake, ambaye si wa kumzaa.

1. Mwandoya, 2016 na 2017

Mwandoya ni mji mdogo wa wilaya ya Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Simiyu wenye makao yake Bariadi. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, yenye mvua za kubahatisha. Nilipokuwa nikihudumu huko nilimwoa mama mjane aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka 6. Mwaka 2016, serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila malipo, tulimwandikisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi pamoja na watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kumudu michango. Darasa lilifurika hata wengine wakaketi sakafuni.

Taarifa za shule zilianza mapema. Mtoto alipiga mayowe ghafla, akajiuma mkono, na siku moja akamuuma mwenziwe. Alikimbia paredi ya asubuhi na kujificha nyuma ya vyoo. Mwalimu alipomuuliza jambo, alirudia swali lile lile kwa sauti ile ile ya mwalimu, na darasa zima likacheka. Alipokutana na mzee njiani alisema kwa pumzi moja, "Shikamoo, marahaba," akiitikia salamu yake mwenyewe, na mzee akaondoka akinung'unika kwamba mtoto wa mchungaji hana adabu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Shule ilisema ni ukaidi. Baadhi ya ndugu wa marehemu baba yake walisema ni masamva, mizimu ya ukoo, ambayo haikuridhika na mtoto kuhamia katika nyumba ya mtu mwingine. Majirani walisema, si mbele yangu, kwamba baba wa kambo anamtesa. Nami nilikuwa na jibu langu: nilisema mama yake amemdekeza katika miaka ya ujane. Nilizijua vizuri aya za Mithali zihusuzo fimbo, na methali yetu ya kumkunja samaki angali mbichi nilikuwa nimeihubiri mara nyingi. Nilimchapa mtoto yule zaidi ya mara moja. Naandika hivyo kwa sababu historia inayofuata haisomeki kwa haki na mtu anayejiweka nje yake.

2. Dessau na Lutindi

Sisi Walutheri hatuwezi kuanza historia hii kwa kuwanyoshea wengine kidole. Katika Mazungumzo ya Mezani ya Martin Luther imo habari iliyoandikwa mwaka 1540 kuhusu mvulana wa miaka 12 huko Dessau, aliyekula kupita kiasi na kupiga mayowe kila alipoguswa. Luther alimhesabu kuwa kiumbe kisicho na roho, kazi ya shetani, na alieleza kwamba aliwashauri watawala wamtupe mtoni. Watawala wale hawakukubali. Kwa insafu yapasa kukumbuka kwamba Mazungumzo hayo yaliandikwa na wageni wa mezani pake, si kwa mkono wake mwenyewe. Na baadhi ya waandishi wa karne ya 20 wamejiuliza kama mtoto yule alikuwa na usonji, jambo lisiloweza kuthibitishwa kwa umbali wa karne 5. Hata hivyo fundisho liko wazi. Mwanatheolojia mkubwa alikutana na tabia asiyoielewa, akauliza asili yake kabla ya kuuliza maana yake, na jibu alilopata lilimfikisha kwenye shauri la kuua.

Lakini ndani ya mapokeo hayo hayo umo mkondo mwingine. Huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, Wakristo walianzisha mwaka 1867 makao ya wagonjwa wa kifafa, ambao watu wengi waliwaogopa. Friedrich von Bodelschwingh aliyapokea makao hayo mwaka 1872 na kuyakuza. Roho hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1896 wamisionari walijenga Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Mgonjwa aliyekuwa akifungwa kamba kijijini alipewa huko kitanda na jembe. Lutindi haikujua usonji, wala ulimwengu haukuwa umeujua. Lakini ilijua kwamba mtu asiyeeleweka anaweza kukaribishwa kabla hajaeleweka.

3. Moscow, Baltimore na Vienna

Neno lenyewe lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mnamo mwaka 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi". Alilitumia kwa watu wazima waliojitenga na ulimwengu. Mwaka 1925 daktari wa Moscow, Grunya Sukhareva, alieleza habari za wavulana 6 wenye dalili ambazo leo tungezitambua, lakini kazi yake haikusomwa na wengi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha habari za watoto 11. Alieleza jinsi walivyotaka mambo yabaki vile vile siku zote, jinsi walivyoshtushwa na sauti kubwa, na jinsi walivyorudia maneno ya wengine bila kugeuza "wewe" kuwa "mimi". Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilikumbuka "Shikamoo, marahaba". Mtoto wetu hakuwadhihaki wazee. Alikuwa amejifunza salamu nzima kama alivyoisikia, pande zote mbili.

Mwaka 1944, huko Vienna, Hans Asperger alieleza kundi la wavulana wenye akili nzuri na mwenendo mgumu darasani, akisisitiza kwamba wanahitaji walimu wanaowaelewa. Kwa miaka mingi alisifiwa kama mtetezi wao. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba Asperger alishiriki kupeleka watoto wenye ulemavu mkubwa katika kituo cha Am Spiegelgrund, ambako watoto takriban 789 walipoteza maisha chini ya utawala wa Wanazi. Hapa tena tunaonywa: kumsifu mtoto kwa sababu ya faida atakayoleta ni ulinzi dhaifu, maana asiyeonekana kuwa na faida hubaki bila mtetezi.

4. Mama atiwa hatiani

Baada ya vita, swali la wanafunzi wa Yesu lilirudi likiwa limevaa joho la sayansi. Kanner mwenyewe aliandika kwamba wengi wa wazazi aliowaona walikuwa watu baridi, akawafananisha na jokofu. Wengine wakaenda mbali zaidi. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, alichapisha kitabu mwaka 1967 kilichowashawishi wasomaji wengi kwamba mtoto hujifungia ndani kwa sababu ya kukosa upendo wa mama. Akina mama wengi waliishi na hatia hiyo miaka mingi. Huko Los Angeles, katika miaka ya 1960, watafiti walioachana na nadharia ya mama walishika fimbo kwa jina jingine: walitumia makofi, na hata mishtuko ya umeme, ili kuzima tabia zisizotakiwa.

Kuta za hoja hii zilibomolewa na wazazi kwanza. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha mwaka 1964 kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo ni cha kimwili. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangaza kuwa hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, wakaonyesha kwamba urithi wa kibaiolojia una nafasi kubwa. Nchini humo humo, wazazi waliounda chama chao mwaka 1962 walimtegemeza mwalimu Sybil Elgar, ambaye shule yake ya mwaka 1965 ilionyesha kwamba watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki wanafundishika, endapo siku yao imepangwa kwa utaratibu wanaoweza kuutabiri.

Msomaji ataona ufanano. Chicago walimlaumu mama wa kuzaa, Mwandoya walimlaumu baba wa kambo, na baba wa kambo akamlaumu mama. Hata methali zetu nyingi za malezi zimesimama juu ya msingi huo huo, kwamba tabia ya mtoto ni hati ya mashtaka dhidi ya aliyemlea.

5. Mkulima wa Mississippi

Katika historia hii yote hakuna habari inayomgusa mzazi wa kambo kuliko ile ya mtoto wa kwanza wa Kanner, Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alipokuwa na umri upatao miaka 4 wazazi wake walishauriwa kumpeleka katika taasisi ya mbali na nyumbani, wakafanya hivyo. Lakini mwaka 1938 walimrudisha, na baba yake akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33. Baadaye Donald aliwekwa kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wasio ndugu zake, wasiokuwa na elimu ya magonjwa ya akili.

Kanner alipowatembelea alishangaa. Donald alikuwa na shauku isiyozuilika ya kupima vitu; mkulima alimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Donald alihesabu mistari ya mahindi bila kukoma. Mkulima akamwachia ahesabu huku akiilima kwa plau ya farasi. Kanner alimwona akigeuza farasi mwishoni mwa mstari kwa ustadi. Katika shule ya kijijini mambo yake ya ajabu yalikubaliwa, naye akaendelea na masomo. Mwaka 1958 alihitimu chuo. Akafanya kazi katika benki ya mji wake, akaishi miongoni mwa watu waliomfahamu hadi alipofariki mwaka 2023.

Mkulima yule hakumponya Donald, kwa kuwa usonji si ugonjwa wa kuponywa. Ni namna ya ubongo kukua. Alichofanya ni kuitazama tabia iliyowachosha wengine na kuona ndani yake mtoto anayetafuta utaratibu. Naye hakuwa baba mzazi. Wala ya kwanza ya kufaa katika historia ya usonji haikutoka hospitalini peke yake. Ilitoka pia katika shamba la mlezi.

6. Afrika na Tanzania

Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika. Miongoni mwa watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili alipata wenye usonji 9 tu. Kuna waliohitimisha kwamba usonji ni jambo la Wazungu. Lakini Lotter aliwatafuta watoto waliokuwa tayari katika vituo, na mtoto aliyefichwa nyumbani, au aliyefukuzwa shule kwa ukaidi, hakuwa katika kituo chochote.

Mwaka 2006 kundi la madaktari, akiwamo Susan Folstein tuliyemtaja, lilichapisha uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji, na 3 kati ya hao walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa na degedege. Kwa wengine 7 hapakuwa na uhusiano wowote na malaria. Kwa wazazi wa nchi zenye malaria, jambo hili lina uzito wake: tulichokiita masamva kina historia ya mwili.

Sheria nazo zilisogea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza kwamba kumrudi mtoto hakuhalalishwi iwapo, kwa umri wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa kusudi la adhabu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilimpa mtoto haki ya kusoma pamoja na wengine. Kwa upande mwingine, kanuni za viboko za mwaka 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi 4, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kutaka kila adhabu iandikwe katika daftari. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa Patandi, mkoani Arusha, na Kanisa letu lina shule ya Irente, Lushoto, inayowapokea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Lakini kutoka Mwandoya hadi Lushoto ni safari ndefu, na darasa la mwalimu mmoja lenye watoto kupita mia haliwezi kulaumiwa kwa wepesi.

7. Daftari la adhabu

Lilikuwa ni daftari hilo lililonifungua macho. Katikati ya mwaka 2017 mwalimu mkuu aliniita kunieleza kwamba mtoto huenda akaondolewa, akanionyesha kumbukumbu zake. Kwa kukosa la kusema nilianza kuzisoma kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu kusoma hati za kale: si kwa kuamini hukumu ya mwandishi, bali kwa kutazama alichokiandika bila kukusudia. Zaidi ya nusu ya makosa yalikuwa yameandikwa kwa maneno yanayofanana: alipiga kelele kengele ilipolia, alikimbia kengele ilipolia, alimuuma mwenzake wakati wa kutoka. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma, na mwaka ule darasa lake lilikuwa limehamishiwa chumba kilicho hatua chache kutoka mti huo. Makosa mengine karibu yote yalikuwa ya paredi, ambapo mamia ya watoto huimba na kusukumana.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kama mtu aliyegundua jambo jipya. Akaniambia, "Baba, tangu akiwa mgongoni, tukipita kwenye mashine ya kusaga nilikuwa namziba masikio kwa kanga." Nilikuwa na shahada, sikuwa nimemuuliza.

Ndipo tulipompeleka kwa madaktari mjini Mwanza, wakatupa neno usonji. Tangu hapo tulijifunza kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mtoto anayelilia kitu hutazama kama unamwona, na hunyamaza akikipata. Mtoto aliyeelemewa na sauti, mwanga au msongamano hatazami mtu na hatulizwi kwa zawadi wala kwa fimbo; fimbo humwongezea maumivu juu ya maumivu. Tulijifunza pia kwamba kurudia swali kunaweza kuwa ombi la muda wa kulielewa, na kukimbia kunaweza kuwa sentensi pekee aliyo nayo mtoto ya kusema "imetosha".

Mwalimu wake wa darasa alikubali kumgusia dawati dakika chache kabla ya kengele, ili azibe masikio. Aliruhusiwa kukaa pembeni wakati wa paredi. Mama yake alimchorea ratiba ya siku kwenye kipande cha boksi: jua, daftari, uji, daftari, nyumba. Si kila kitu kilifaulu. Alirudia mwaka mmoja, na siku za mitihani zilikuwa ngumu hadi mwisho. Lakini jina lake liliandikwa katika daftari lile mara chache sana baada ya hapo, na mwaka 2023 alimaliza darasa la saba.

Jioni moja ya mwaka ule wa 2017 nilimketisha nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Akanitazama mkono, si uso, akasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Mwanangu, nisamehe." Sijui alielewa kiasi gani. Najua kwamba hakunidhihaki.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutoka Dessau hadi Chicago, na kutoka Chicago hadi Mwandoya, swali la nani aliyekosa limewaumiza watoto na walezi bila kufundisha lolote kuhusu mtoto. Tumeona pia mnyororo wa watu waliouliza vingine: watawala waliokataa shauri la Luther, wauguzi wa Lutindi, mwalimu Elgar, mkulima wa Mississippi, na mama aliyekuwa na kanga.

Kwa mintarafu hiyo, yako mambo matatu yanayowapasa wachungaji na walimu wanaosoma kurasa hizi. Kwanza, mchungaji akiletewa mtoto msumbufu ili amwombee, aombe. Lakini asikubali kuwa hakimu wa kutaja mkosaji, hasa pale ambapo mzazi wa kambo au mama mjane yuko tayari kubebeshwa lawama. Pili, shule isome daftari lake la adhabu kama hati: kosa linalojirudia saa ile ile na mahali pale pale haliwezi kuwa ukaidi mtupu. Tatu, kabla ya kumtafuta mtaalamu wa mbali, ambaye anahitajika sana, aulizwe kwanza yule aliyembeba mtoto mgongoni.

Katika sura ile ya Yohana, Bwana anakataa majibu yote mawili aliyopewa. Kisha anainama chini, anachukua udongo na kuanza kazi.